Kengele Iko Upande wa Damu

Agosti 2015, kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, nilikuwa tabibu mwenye miaka miwili tu kazini. Nikapangwa kwenye kambi ya wagonjwa. Kuna mzee mmoja wa pale ambaye sijamsahau. Alilazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati, na chini ya tundu kulikuwa na ndoo tuliyoichora mistari ya lita kwa maka peni, ili tujue kiasi kinachotoka tukirudishe kwa dripu. Nilipoinama kusoma mstari alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima.

"Mwanangu, haya maji yanatoka wapi? Tangu jana usiku sijanywa hata nusu ya hiyo ndoo."

"Ni vijidudu, mzee."

Akanitazama kidogo. "Vijidudu vimekuja na maji yao?"

Sikuwa na jibu. Nikabadilisha chupa ya dripu, nikaenda kitanda kingine. Siku ya tatu alitoka akitembea kwa miguu yake, akanipungia mkono, nami nikabaki na swali lake. Darasani nilikuwa nimekariri kwamba kipindupindu huleta choo kama maji ya kuoshea mchele, na kwamba mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Lakini hayo maji yanavuka vipi kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, na nani anayeyaruhusu, hilo nililipita kwenye mtihani bila kulielewa.

Miaka mitatu baadaye nilipata ufadhili wa shahada ya uzamili Ujerumani, kwenye maabara inayopima jinsi utando wa utumbo unavyotoa chumvi na maji. Nilimwacha mwanangu wa miaka minne kwa mama yangu. Nayaandika haya kwa yeyote anayekwenda kufanya kazi ya namna hiyo, kwa sababu makosa niliyoyafanya yanaepukika. Mimi yalinigharimu panya thelathini na mmoja, miezi mitatu bila posho, na heshima kidogo.

Kwanza niseme kile ambacho ningemjibu mzee. Maji yale yalitoka kwenye damu yake mwenyewe. Utumbo si bomba linalopitisha tu. Ukuta wake wa ndani umepangwa seli zilizoshikana bega kwa bega, na kila seli ina pande mbili zisizofanana: upande mmoja unatazama chakula, mwingine unatazama damu. Kwenye upande wa damu kuna mlango unaoingiza sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili kwa mpigo. Pampu iliyo upande huohuo inairudisha sodiamu nje, tatu kwa kila potasiamu mbili inazoziingiza. Potasiamu nayo ina vitundu vyake vya kurudia kwenye damu. Inayobaki ndani ya seli ni kloraidi iliyojazana, inasubiri bomba la upande wa chakula, linaloitwa CFTR, lifunguliwe. Likifunguliwa, kloraidi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata kwa kupenya kati ya seli na seli, na maji yanazifuata chumvi zote mbili.

Siku za kawaida bomba hilo hufunguliwa kidogo tu, chakula kipate kulainika. Anayeamua ni vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe kutoka nje. Neva za utumbo zikitoa asetilikolini, kipokezi chake kinapandisha kalsiamu ndani ya seli, vitundu vya potasiamu vinafunguka, na kloraidi inapata msukumo wa kutoka. Zikitoa homoni iitwayo VIP, kipokezi kingine kinaamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, na cAMP ndiyo inayofungua CFTR yenyewe. Kuna na vipokezi vya breki, kama cha homoni ya somatostatini, vinavyopunguza cAMP. Ni mazungumzo ya muda wote, na mtu mzima mwenye afya hayasikii.

Yote hayo niliyasoma ndani ya wiki mbili na nikajiona nimeiva.

Chombo chetu kinaitwa chemba ya Ussing, kwa jina la Mdenmarki Hans Ussing aliyekibuni akitumia ngozi ya chura. Makala yake mashuhuri na mwenzake Zerahn ilitoka mwaka 1951. Chukua vyumba viwili vidogo vya plastiki vyenye maji ya chumvi, ubane kipande cha utumbo katikati kama dirisha. Kwa kuwa ioni zinavuka kwenda upande mmoja zaidi ya mwingine, pande mbili zinapata volteji. Mashine inasukuma umeme wa kuifuta volteji hiyo hadi ifike sifuri, kana kwamba umezipiga pande mbili shoti, na umeme unaohitajika ndio kipimo cha ioni zinazovuka. Kwenye kompyuta unauona kama mstari. Seli zikimwaga kloraidi, mstari unapanda.

Kazi ya mikono ndiyo ngumu, na hakuna aliyenionya. Utumbo ukishatolewa unaanza kufa mikononi mwako. Unauweka kwenye maji ya barafu, unaupasua, unauosha, kisha chini ya darubini unachuna safu ya misuli kwa koleo nyembamba mithili ya kumenya ngozi ya nyanya bila kuigusa nyama. Mwezi wangu wa kwanza nilitoboa karibu kila kipande. Kipande kilichotobolewa kinajulikana: ukinzani wake wa umeme uko chini mno, na mstari unayumba. Ushauri wangu ni kukitupa hapohapo. Mimi nilikuwa navionea huruma, nasema labda kitatengemaa, na usiku nikiwa na data chafu nashindwa kujua nianzie wapi kuzisafisha. Jambo jingine ni kwamba kuushikashika utumbo kunaufanya utoe prostaglandini, kemikali za tishu iliyosumbuliwa, nazo zina vipokezi vyake, kwa hiyo mstari unapanda kabla hujaweka dawa yoyote. Tulikuwa tunatia indomethasini kwenye maji kuzizuia, na tunasubiri nusu saa mstari utulie. Nusu saa hiyo usiibe. Na ukiona mstari unaruka kama mtetemo, kabla hujalaumu seli angalia kama kuna povu la hewa kwenye mirija ya agari inayounganisha elektrodi. Mara nyingi ni povu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la sukari. Maji ya chemba yanahitaji glukosi ili tishu iishi, nami nikaitia pande zote mbili, nikidhani ukarimu hauna hasara. Vipande vya utumbo mwembamba vikanipa mstari wa juu sana. Nikafurahi, nikaandika kwenye daftari kwamba seli zinamwaga kloraidi nyingi hata bila kuchochewa. Fundi wa maabara, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa karibu kustaafu, alipita nyuma yangu akaniuliza glukosi iko upande gani. Nikamwambia. Akacheka, akaondoka.

Siku mbili nilizunguka na kicheko kile kabla sijaelewa. Upande wa chakula wa utumbo mwembamba kuna mlango mwingine kabisa, SGLT1, ambao unaichukua glukosi pamoja na sodiamu na kuziingiza mwilini. Sodiamu ina chaji chanya, nayo inaingia; kloraidi ina chaji hasi, nayo inatoka. Kwa mashine ya umeme hayo mawili yana alama ileile. Mstari unaopanda unaweza kuwa mtu anapoteza maji au mtu anayapata, na mstari wenyewe haukwambii ni lipi. Tangu siku hiyo glukosi niliitia upande wa damu peke yake, na upande wa chakula nikatia manitoli, inayosawazisha ukolezi wa maji ya pande mbili lakini haina mlango wa kupitia. Na mwisho wa kila jaribio niliweka bumetanidi upande wa damu. Dawa hiyo inaziba ule mlango wa kuingizia kloraidi. Mstari ukishuka, ilikuwa kloraidi kweli. Usiposhuka, ulikuwa unapima kitu kingine.

Ni usiku wa siku hiyo, nikiwa nakunja nguo, ndipo ilinijia kwamba kosa langu ndilo ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Ile pakiti tuliyokuwa tunaikoroga kambini kwa lita moja ya maji ina sodiamu na glukosi kwa kiasi sawa, milimoli 75 kwa 75, kwa fomula ambayo Shirika la Afya Duniani limeitumia tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Sumu ya kipindupindu inalikwamisha bomba la kloraidi likiwa wazi, ila mlango wa SGLT1 haiugusi. Sukari ndiyo tiketi ya sodiamu, na sodiamu inayavuta maji. Nilikuwa nimewapa mamia ya watu vikombe vile nikidhani sukari ni ya ladha na nguvu.

Nikampigia mama simu saa nne usiku nimweleze. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nakula vizuri.

Kosa la pili ndilo lililoniumiza.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha vipokezi vya asetilikolini kwenye utumbo mpana wa makundi mawili ya panya. Dawa ya kuvichochea inaitwa kabakoli. Maelekezo yaliyoachwa na mwanafunzi aliyenitangulia yalisema kabakoli iwekwe "upande wa ndani". Nikaweka upande wa ndani. Mstari haukutikisika. Nikaongeza dozi; kimya. Kila mara mwishoni nilitia foskolini, dawa inayotoka kwenye mmea wa jamii ya mnanaa, na hapo mstari ulipanda vizuri na kubaki juu. Kwa hiyo tishu ilikuwa hai. Wiki sita niliendelea hivyo, panya kwa panya, nikiwa na kitu kinachofanana kabisa na ugunduzi: foskolini inafanya kazi, kabakoli haifanyi, basi vipokezi vimekufa au havipo.

Nikatengeneza slaidi za kikao cha Jumatatu. Nilivaa hata kitenge changu kizuri.

Profesa alitazama michoro, akanyamaza, akauliza nina maelezo mangapi ya matokeo hayo. Nilikuwa nayo moja. Akauliza niliweka kabakoli wapi. Nikasema ndani, kama maelekezo yanavyosema. "Ndani ya nini?" Hapo nikahisi masikio yanachemka. Kwangu mimi, niliyekua nikisikia "ndani ya tumbo", ndani ni kule chakula kinakopita. Kwa aliyeandika yale maelekezo, ndani ni ndani ya mwili, yaani kwenye damu. Wana fiziolojia huuhesabu uwazi wa utumbo kuwa nje, kwa kuwa unaanzia mdomoni na kuishia kwenye njia ya haja kubwa bila kuingia kwenye mwili wenyewe. Tulikuwa tumetumia neno moja kwa pande mbili zinazopingana.

Hakunisema. Aliinuka, tukaenda maabara, kulikuwa na kipande cha asubuhi bado kiko kwenye chemba. Akachukua pipeti, akatia tone la kabakoli ileile, chupa ileile, upande wa damu. Sekunde chache tu mstari ukaruka kwenda juu kama mwewe, ukafika kileleni, kisha ukateremka taratibu kwa dakika kadhaa. Nilikuwa nimeuona mchoro huo vitabuni mara mia.

Maelezo yake ni mepesi kuliko aibu yake. Kipokezi cha asetilikolini kimekaa upande wa damu, kwa sababu neva zinazokipa habari ziko huko. Bomba la kloraidi liko upande wa chakula. Kengele iko mlango wa mbele, na anayefungua yuko mlango wa nyuma. Kabakoli ina chaji, haipenyi utando wa seli kirahisi, kwa hiyo mimi wiki sita nilikuwa nagonga ukuta usio na kengele. Foskolini inayeyuka kwenye mafuta, inapenya kutoka upande wowote na kukiamsha chenyewe kile kimeng'enya cha cAMP bila kupitia kipokezi. Ndiyo maana iliniridhisha, na ndiyo maana ilinidanganya: ilinithibitishia kwamba seli ziko hai, haikunithibitishia kwamba nilibisha hodi mlango unaostahili. Ukiwa na kipimo cha uhai wa tishu, tafuta na cha upande. Kipande kimoja cha ziada, dawa pande zote mbili moja baada ya nyingine, kingeniokoa mwezi na nusu.

Nililia chooni, ghorofa ya tatu ambako hakuna anayepita. Kilichonitesa ni panya. Kila mmoja ana nafasi yake kwenye kibali cha kutumia wanyama, na kuomba wengine kulihitaji barua ya maelezo iliyosema wazi kwamba wa kwanza walitumika vibaya. Barua hiyo niliiandika mwenyewe. Kibali kilichukua wiki nyingi, ufadhili ukaisha kabla sijamaliza, nikaosha vyombo kwenye mgahawa jioni kwa miezi mitatu. Mume wangu alikuwa ananitumia picha za mtoto, nami nikawa sizifungui hadi Jumapili.

Siku ileile ya kikao, kabla sijaenda chooni, nilifuta alama zote za zamani kwenye vyumba vya chemba. Nikaandika DAMU kwa wino mwekundu na CHAKULA kwa wino wa kijani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Wajerumani wakazizoea. Nilipoondoka zilikuwa bado zipo.

Baada ya hapo nikaangukia kosa dogo la upande wa pili, kuamini kwamba kengele zote ziko kwenye damu. Haziko. Upande wa chakula kuna kipokezi cha guanilini, homoni ambayo utumbo wenyewe huimwaga kwenye chakula. Baadhi ya bakteria wa E. koli wanaoleta kuharisha kwa wasafiri wameiga homoni hiyo: sumu yao ndogo inakaa kwenye kipokezi hichohicho na kupandisha kifanani cha cAMP, kiitwacho cGMP, hadi CFTR inafunguka. Na sumu ya kipindupindu inanata kwenye mafuta ya utando yaitwayo GM1, upande huohuo wa chakula, lakini haifanyi madhara palepale. Inamezwa, inasafirishwa ndani ya seli, kisha inaigusa protini ya G, swichi iliyo chini ya vipokezi, na kuizuia isijizime. Neva zimenyamaza, hakuna anayepiga kengele, na swichi imekwama. Nilipoijaribu kwenye chemba ilinilazimu kusubiri muda mrefu kabla mstari haujaanza kupanda, nami nikadhani nimekosea upande tena.

Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa mbili zinazogusa mambo haya, nami nazipenda kwa kuwa zinakwenda njia tofauti. Linaklotidi inakibonyeza kipokezi cha guanilini makusudi, kwa watu wenye choo kigumu. Krofelema, inayotokana na utomvu wa mti wa Amerika Kusini, inaziba bomba la kloraidi kwa watu wanaoishi na VVU walio kwenye dawa za kupunguza makali na wanaoharisha bila maambukizi ya tumbo. Zote zinafanya kazi upande wa chakula, hazihitaji kuingia kwenye damu kwa kiasi cha maana. Kwa mtu aliyepoteza mwezi na nusu kwa ajili ya pande, hilo linasisimua kuliko inavyostahili.

Zile data za wiki sita sikuzitupa. Kwenye tasnifu zimo, sentensi moja tu: kabakoli ikiwekwa upande wa chakula haikuleta badiliko lolote. Mtahini alisema ni kidhibiti kizuri, yaani jaribio la kulinganishia. Nikashukuru.

Nilirudi nyumbani, siku hizi nafundisha chuoni na siku mbili kwa wiki niko zahanati. Msimu wa mvua uliopita alikuja dada mmoja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeharisha siku ya pili. Alikuwa ameacha kumpa ORS. "Nimempa toka jana, daktari, lakini anaharisha vilevile. Hiyo dawa haimsaidii."

Nilivuta kiti. Nikamwambia utumbo wa mtoto ni kama una bomba ambalo limekwama wazi, na maji yanayotoka ni ya damu yake. Maji ya chumvi na sukari hayalifungi hilo bomba. Yanaingia kwa mlango mwingine, ambao ugonjwa haujauharibu, kurudisha kinachotoka, hadi seli zilizoguswa zibadilishwe na mpya, na hilo ni suala la siku chache. Mtoto akitapika, mama asubiri dakika kumi, aanze tena kijiko kwa kijiko. Nikampa na vidonge vya zinki, kimoja cha miligramu 20 kila siku, asiache hata choo kikitulia kabla havijaisha.

Alisikiliza, akakoroga pakiti pale pale mezani kwangu, akaanza kumnywesha.

"Kwa hiyo hayafungi tumbo?"

"Hayafungi."

"Sasa mbona mnatupa pakiti tu, hamtwambii?"

Mtoto alikuwa ameshika kijiko kwa meno. Nikamwambia hata mimi zamani nilikuwa nagawa tu.

"Haya," akasema, akachota kingine.